Gauni la Mlevi

Kabla ya kupiga mswaki, kabla hata ya kukunja shuka, Kipaza alikuwa na kazi moja ya asubuhi: kutia uzi kwenye sindano nane. Mbili nyeupe, mbili nyeusi, moja ya bluu kwa sare za shule, na tatu za rangi yoyote ambayo mama yake angehitaji siku hiyo. Akimaliza alizichomeka kwa mstari kwenye kimto kidogo kilichokaa juu ya cherehani, mikia ya nyuzi ikining'inia, kisha akaenda zake kunawa.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Fundi wa nguo asiyeweza kutia uzi kwenye sindano. Kwa Kipaza hiyo ilikuwa sawa na kinyozi anayeogopa nywele, na kila alipolifikiria jambo hilo alibenua midomo.

Mikono ya mama ilitetemeka. Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili, na sababu yake haikuwa siri ndani ya chumba kile walichoishi wawili tu. Ilikuwa chupa. Mwanzoni ilikuwa chupa moja ya Jumamosi, ya kupumzisha mgongo, kama alivyosema mwenyewe. Baadaye mgongo ukahitaji kupumzishwa kila siku, hata asubuhi, hata kabla haujafanya kazi yoyote ya kuuchosha.

"Asante, mwanangu," mama alisema asubuhi hiyo, akizitazama sindano. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na sweta mabegani. "Umelala vizuri?"

"Nimelala."

"Chai ipo mezani."

Kipaza akainua kikombe, si chake, cha mama, akakinusa. Alikinusa kila siku mbele ya mwenyewe, waziwazi, kama askari anayekagua mzigo wa msafiri. Kilinuka chai. Kwa siku tisa mfululizo kilikuwa kimenuka chai tu, na hilo halikumpa Kipaza faraja hata chembe. Alijua walevi walivyo wajanja. Bila shaka huyu wake alikuwa amegundua pombe isiyonuka. Kwani mikono si ndiyo hiyo? Zamani ilitetemeka kidogo. Siku hizi ilitetemeka kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Na jasho juu yake, asubuhi yote hii ya baridi. Mtu aliyeacha pombe atokwe na jasho la nini?

"Hamna kitu humo," mama alisema taratibu.

"Sijasema kitu."

"Pua yako imesema."

Kipaza akakirudisha kikombe mezani. "Gauni la mwalimu je?"

"Bado upindo na vifungo. Mikono leo haitaki haraka. Lakini ikifika saa nne litakuwa tayari, nitalileta."

"Usilete. Nitakuja mwenyewe wakati wa mapumziko."

"Si mbali, mwanangu, naweza kutembea."

"Nimesema nitakuja."

Kipaza akabeba mkoba na kutoka, akijisemea moyoni kwamba mtu anayeshindwa kumaliza gauni moja kwa siku tano asijiite fundi.

Palikuwa na sababu ya kumkataza mama asifike shuleni. Kipaza alihamia shule ile mwanzoni mwa mwaka, darasa la sita, na wiki ya pili tu alisahau sweta nyumbani. Mama akamletea. Akasimama getini vifungo vimepishana, shati limekaa upande, akaita jina la mwanawe kwa ulimi mzito kama aliyejaza uji mdomoni. Kipaza alikwenda mbio, akalinyakua lile sweta, akarudi. Msichana mmoja waliyemwita Miwani, kwa ajili ya miwani yake minene, akauliza, "Yule nani?"

"Fundi wetu," Kipaza alijibu. "Ananishonea sare."

Uongo ule ulimtoka upesi, na ulikuwa mzuri sana, maana nusu yake ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo shule nzima ilijua kwamba mama yake Kipaza anafanya kazi mbali na hurudi mara chache, na kwamba kuna fundi mmoja mtaani kwao, mlevi mlevi hivi, anayejua kushona. Siri hiyo ndiyo aliyoishi akiilinda. Ingefichuka, kicheko chote kingemgeukia yeye.

Kisha mwalimu wa Kiswahili akaja na jambo lake la filamu.

Siku ya wazazi ilikuwa imebakiza miezi miwili, na mwalimu alitaka wanafunzi waigize kisa kifupi, yeye akirekodi kwa simu yake iliyofungwa kwenye mti wa fagio, halafu filamu ioneshwe kwenye ukuta wa bwalo. Kisa chenyewe kilikuwa cha mama mraibu wa pombe na binti yake. Miwani alijaribu kuigiza mama, akaishia kujicheka mwenyewe. Ndipo Kipaza akanyoosha mkono.

Jina la Kipaza alikuwa amepewa na mwalimu huyohuyo, kwa kuwa akisoma mbele ya darasa sauti yake husikika hadi vyooni. Lakini siku ile hakuhitaji sauti. Alitoka mbele, akalegeza magoti, akalegeza mdomo, akajifanya anatafuta tundu la sindano: mkono huku, jicho kule, ulimi nje. Darasa likaanguka. Mvulana mmoja aitwaye Mapengo alicheka hadi akashika tumbo.

"Umejifunzia wapi?" Miwani aliuliza baadaye, akipangusa machozi chini ya miwani.

"Kuna mlevi mmoja mtaani kwetu," Kipaza alisema. "Sinema ya bure kila siku."

Akapewa nafasi. Mwalimu akakumbuka yule fundi wa mtaani, akamtuma Kipaza apeleke oda: gauni la mlevi. Liwe limechakaa, kifungo kimoja kimeruka, pindo limefumuka. Mama alisikiliza oda ile mwanzo hadi mwisho, akauliza tu, "Na nani atalivaa?"

"Mimi."

"Aha," mama alisema.

Basi asubuhi hiyo ya kikombe cha chai ndiyo ilikuwa siku ya kurekodi, na mwalimu alisogeza ratiba. Badala ya kuanza mchana walianza saa tatu na nusu, na mapumziko yakapita Kipaza akiwa bado mbele ya simu. Madawati yalikuwa yamesukumwa pembeni, meza moja imefunikwa kitambaa iwe ya nyumbani. Miwani aliigiza binti. Kipaza alikuwa katikati ya ile sehemu yake ya sindano, anayumba, anapepesuka, anajikwaa kwenye kiti ambacho hakikuwa njiani, na darasa linamcheka kwa kumpenda, pale alipotupa jicho mlangoni.

Mama alikuwa amesimama pale. Mkononi alikuwa na kining'inizo, na kwenye kining'inizo gauni.

Haikujulikana alikuwa amesimama kwa muda gani. Muda wa kutosha, uso wake ulisema.

"Karibu, fundi," mwalimu alisema. "Tunakusubiri wewe."

"Sikuona mtu wa kulifuata," mama alijibu. "Nikaona nisiwacheleweshe."

"Fundi, hebu tuambie wewe unayewajua," Mapengo alidakia. "Mlevi wetu amepatia?"

Kipaza akajikaza. "Fundi, weka hapo mezani uende," akasema. "Tuna kazi."

Mama akamtazama kidogo. "Sawa, mteja," akasema, na akaliweka gauni mezani.

Mwalimu akalinyanyua. Lilikuwa la kijivu, kola imesimama, mikunjo ya pasi imenyooka kama iliyochorwa kwa rula, vifungo saba vimekaa kila kimoja mahali pake. Mwalimu akaligeuza mbele na nyuma kama anayetafuta kasoro.

"Fundi, mbona zuri? Nilitaka gauni la mlevi."

"Ndilo hilo, mwalimu."

"Hata oda hajui kusikia," Kipaza alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Wakacheka.

Mama hakugeuka. Alizungumza na mwalimu, lakini polepole, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Anayevaa matambara ni yule aliyekwisha kukata tamaa. Huyu wenu ana kazi, ana majirani, ana mtoto anayesoma. Huyo anavaa vizuri kuliko nyinyi wote. Anapiga pasi mara mbili. Anafunga kifungo, anakihesabu, anakifungua, anakifunga tena. Siku akikosea hata kimoja, huo ndio mwisho wake, kila mtu anajua. Anataka watu wakimtazama waone gauni, wasimwone yeye."

Kicheko kikapungua. Mwalimu akaegemea meza. "Na kutembea?"

"Mwenzenu anayumba mno. Mlevi hajitahidi kuyumba, anajitahidi kutoyumba. Anatembea kama aliyebeba ndoo iliyojaa hadi mdomoni." Na pale pale, mbele ya ubao, mama akatembea kutoka ubaoni hadi dirishani. Hakupepesuka hata kidogo. Alikwenda kwa uangalifu wa kutisha, shingo imekaza, macho mbele, kila hatua imefikiriwa. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kama kumtazama mtu akipita juu ya ukuta mwembamba.

"Na kwenye sindano?" Miwani akauliza kwa sauti ndogo.

"Kuitia uzi hawezi, ni kweli. Lakini hatoi ulimi. Anajaribu mara moja akiwa peke yake, akishindwa anaiweka. Anasubiri mtu amtilie. Na yule mtu akimtilia, yeye hutazama ukutani, maana akimtazama usoni ataona anavyodharauliwa."

Masikio ya Kipaza yaliwaka moto. Alikumbuka kwamba kweli, kila asubuhi, mama alitazama ukutani. Yeye alidhani ni usingizi.

"Umeyajuaje yote hayo, fundi?" Miwani aliuliza.

Sasa mama akageuka, akamtazama Kipaza. Hakumtazama kwa hasira wala kwa kuomba. Alimtazama tu, kama mtu aliyeacha mlango wazi ili anayetaka apite. Kipaza angeweza kupita. Akageukia ubao na kujifanya anasoma tarehe.

"Fundi hupima watu wengi," mama akasema.

"Au ni mwenzao," Mapengo akasema kwa nyuma. "Tazameni mikono hiyo."

Darasa likalipuka. Mwalimu akamkemea, lakini kicheko kilikwisha kutoka, na katika kicheko hicho sauti moja ilikuwa juu ya zote, ile isikikayo hadi vyooni. Kipaza alicheka kwa nguvu zake zote. Alijua kwa nini. Ambaye hakucheka angeulizwa.

Mama alisubiri watulie. "Gauni limewafaa?"

"Sana, fundi. Na samahani," mwalimu alisema.

"Basi mimi niende. Kwaheri, mteja."

Wakarudia kurekodi. Kipaza akavaa lile gauni, likamkaa mabegani, kiunoni, mikononi, hakuna palipobana wala palipolegea.

"Mbona limekukaa hivyo?" Miwani aliuliza, akimzunguka. "Alikupima lini?"

"Alinipima."

"Lini?"

"We nawe, kwani wewe ni polisi?"

Alijaribu kutembea kama alivyooneshwa, kwa ndoo iliyojaa. Hatua ya tatu alisita. Alikuwa anajua hatua inayofuata bila kufikiri, na ya baada yake, kwa sababu alikuwa ameziona kila siku kwa miaka miwili na kuziita vituko. Akasema anaumwa kichwa. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia alivua gauni na kukimbia nyumbani, mwendo wa dakika kumi.

Mlango ulikuwa umefungwa. Kipaza akachungulia dirishani. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa chake, mchana kweupe. Katika miaka miwili cherehani ile haikuwahi kufunikwa mchana ila kwa sababu moja.

"Nilijua tu," Kipaza alisema peke yake, na akasonya. Alisonya mara ya pili, maana ile ya kwanza haikumridhisha. Siku tisa za kunywa chai, maonesho matupu. Lakini miguu yake haikungoja amalize dharau yake. Ilikwisha kuanza kukimbia, na njiani dharau ikageuka hofu. Alikuwa amemsukuma yeye mwenyewe. Kama mama yuko kule, ni yeye aliyempeleka.

Kilabu cha pombe kilikuwa nyuma ya karakana ya useremala. Mwenye kilabu, mwanamke mnene aliyejifunga aproni iliyokwisha kusahau rangi yake, alikuwa anafuta meza kwa kitambaa kichafu kuliko meza.

"Watoto hawaingii," alisema bila kuinua kichwa.

"Siingii. Namtafuta mama yangu. Yule fundi."

"Yule?" Mwanamke akacheka puani. "Wiki na zaidi hajakanyaga. Leo kapita, kasimama hapo hapo uliposimama, kashika mlango. Nikamwambia, ingia shoga yangu, nani kakufukuza? Akalia weee. Halafu akaelekea zahanati. Siku hizi anajitia msafi."

"Zahanati?"

"Mwache. Nimewaona wengi. Atarudi tu, wote hurudi."

Kipaza alimtazama yule mwanamke. Alimpandisha na kumshusha, kama yeye mwenyewe alivyozoea kumtazama mama. Maneno yale alikuwa ameyasema mwenyewe mara nyingi: walevi ndivyo walivyo, wote ni walewale. Sasa aliyasikia yakitoka kwa mtu anayeyafaidi, na yakanuka.

"Hatarudi," akasema.

"Haya, tutaona."

"Utaona wewe."

Mama alikuwa mwisho wa benchi refu la zahanati, kadi mkononi, macho mekundu. Alipomwona mwanawe anahema mlangoni, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Umetoroka shule?"

"Ni saa ya chakula."

"Umekula?"

Kipaza akaketi kando yake. Muuguzi mwenye nywele za mvi, mwembamba, mwenye sauti kavu, alitoka chumbani, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Huyu ndiye binti?" akauliza. "Nimweleze?"

Mama akatikisa kichwa kukubali.

"Mama yako anakuja hapa kila siku. Leo ni siku ya tisa bila pombe," muuguzi alisema. "Mwili uliozoea pombe ukinyimwa hufanya fujo. Mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hukimbia. Wengine huanguka kabisa, ndiyo maana mtu aliyekunywa sana haachi peke yake kwa ubishi, huja hapa tukampa dawa na kumwangalia. Umeona anatetemeka zaidi siku hizi?"

"Ndiyo."

"Ukafikiri nini?"

Kipaza akainama. "Nikafikiri anakunywa isiyonuka."

"Haipo," muuguzi alisema. "Ingekuwepo, ningekuwa na foleni mara mbili." Akarudi chumbani.

Wakabaki wawili. Kipaza akatazama sakafu ya saruji. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mwaka jana nilikuambia mara ngapi kwamba nimeacha?"

"Mara nyingi."

"Basi. Nikasema safari hii nikae kimya mpaka kuwe na kitu cha kuonesha."

"Na siku ile getini... ulinisikia?"

"Nilikuwa nimelewa, mwanangu, sikuwa kiziwi."

Kipaza akaanza kulia, si kwa sauti yake ya kawaida, kwa sauti ndogo isiyofika hata mwisho wa benchi. "Nisamehe, mama. Na leo nilicheka. Nilicheka kuliko wote."

"Nilisikia pia." Mama akamvuta, kichwa kikaegemea bega lake. Mkono uliomshika ulitetemeka, na kwa mara ya kwanza Kipaza hakuusogeza. "Sikiliza. Kunikana si vizuri, imeniuma. Lakini aibu hiyo mimi ndiye niliyekubebesha. Mtoto hakuzaliwa awe anamnusia mama yake kikombe. Mimi nina msamaha wa kuomba mrefu kuliko wako, na nitauomba kwa kuja hapa kila siku."

"Ulisimama pale kilabuni."

"Nilisimama."

"Mbona hukuingia?"

"Niliona nikiingia, yule mtoto wa mapengo atakuwa amesema kweli. Na mimi mwenzao sitaki kuwa tena."

Kesho yake, kabla mwalimu hajafunga simu kwenye mti wa fagio, Kipaza aliomba ruhusa ya kusema. Alisimama mbele na gauni la kijivu mkononi. Alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakamkimbia, yakabaki machache.

"Yule fundi wa jana ni mama yangu mzazi. Hafanyi kazi mbali. Niliwadanganya. Alikuwa mlevi, sasa anatibiwa, na mikono inatetemeka kwa sababu ameacha."

Kipaza alikisubiri kicheko kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji baridi. Hakikuja.

"Mimi nilijua tangu jana," Miwani alisema hatimaye. "Gauni halimkai mtu hivyo bila kushonwa na anayemjua."

Mapengo alikuwa anatafuta kitu chini ya dawati ambacho hakikuwepo. Mwalimu akamwita.

"Una la kusema?"

"Nilikuwa natania tu, mwalimu."

"Najua. Waombe radhi wote wawili. Na huyo wa pili utamfuata kwake, usimtumie salamu."

Mapengo alikwenda jioni ileile, akasimama mlangoni kama aliyekuja kuomba maji. Mama alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba msamaha ameupata, ila kaptura yake imefumuka nyuma na ni afadhali aivue aishonewe kabla mji mzima haujaona. Mapengo akaondoka amesamehewa na ameaibika kiasi kinachostahili.

Filamu ilirekodiwa upya yote. Mama alikuja mara tatu kuwaelekeza, na hakuna aliyemwita tena fundi, walimwita mama. Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Wiki ya tano aliteleza, akanywa, na kesho yake asubuhi akaenda mwenyewe kwa muuguzi kusema. Kipaza alimsindikiza, na njia nzima hakubenua mdomo. Wakaanza kuhesabu upya.

Siku ya wazazi ilipofika, bwalo lilijaa, mapazia yakafungwa, na filamu ikaanza ukutani. Dakika za mwanzo watu wazima walicheka kila mlevi alipotokea, kama wanavyocheka mitaani, hata kabla hajafanya kitu. Lakini mwanamke yule wa ukutani, ndani ya gauni lake la kijivu, alitembea kwa uangalifu mkubwa kutoka mlangoni hadi mezani, akaketi, akaitazama sindano, akaiweka. Kicheko kikaanza kupungua safu ya mbele, kikaenda kikizimika hadi ya nyuma. Filamu ilipokaribia mwisho mtu mmoja alikohoa, na wote wakamgeukia.

Mwalimu alikuwa amemwalika muuguzi aseme neno. Kabla hajasimama, mama alisimama yeye, pale alipokuwa ameketi kando ya Kipaza. Bwalo zima likamtazama. Wengine walimjua, na waliomjua hawakuwa na sababu ya kutarajia mengi.

"Huyo mliyemcheka ukutani ni mimi," alisema. "Leo nina siku ishirini na sita. Nikipata ya ishirini na saba nitashukuru. Zahanati inafunguliwa saa mbili. Kama yupo anayetaka kwenda na anaogopa kwenda peke yake, mimi huwa kwenye benchi pale, aje tukae wote." Akaketi. Kipaza akaushika mkono wake juu ya meza, mahali ambapo kila mtu angeuona.

Muuguzi akaja mbele. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mmecheka kwa dakika mbili za mwanzo, nimeangalia saa," alisema. "Sitawalaumu, hata huyu binti alicheka, na mlevi ni mama yake. Lakini niwaambie, kwa miaka ishirini ya kazi hii sijampokea mgonjwa hata mmoja aliyeponywa na kuchekwa. Nimewapokea wengi waliochelewa kuja kwa sababu ya kuogopa kuchekwa. Kama mna dharau, nanyi mnayo nyingi, nimeisikia, msiitupe kwa mgonjwa. Idharauni pombe. Mdharauni anayeiuza akijua inamla nani. Mtu mgonjwa mwambieni ukweli bila kumficha, halafu mleteni. Na ninyi watoto ambao mna jambo kama hili nyumbani, msilifiche wala msilibebe peke yenu. Kosa si lenu, na uongo wa kulifunika utawachosha kuliko jambo lenyewe. Mwambieni mwalimu, au njooni kwangu."

Akakusanya karatasi zake. Watu walipoanza kutoka, mwanamume mmoja na wanawake wawili hawakuelekea mlangoni. Walisogea taratibu, mmoja mmoja, hadi pale alipokuwa ameketi mama yake Kipaza, na Kipaza akasimama kuwapisha nafasi.